Tumbo Linalochagua na Chungu cha Watu

Tumbo linalochagua ni lile linalokataa chakula ambacho matumbo mengine hukipokea bila neno. Watu wanne huketi kwa mama ntilie mmoja, wakapakuliwa wali na maharage ya sufuria moja. Watatu huinuka wakarudi kazini. Wa nne husikia tumbo likijaa, likinguruma, likisokota, na mawazo yake yote huhamia kwenye swali la choo kiko wapi. Hakula kingi kuliko wenzake, wala hakupewa kilichooza. Nyumbani mtu wa namna hii hujua kinachoingia chunguni, kwa kuwa yeye au wa nyumbani kwake ndiye aliyekata kitunguu na kupima mafuta. Mgahawani chungu ni cha watu, kimeshaungwa kabla hajafika, na anayekula huikabidhi afya yake kwa mikono ambayo pengine haioni.

Jina moja hufunika mambo mengi. Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, anayesikia moto chini ya kifua au maumivu juu ya kitovu husema ana vidonda vya tumbo, na neno hilo humtosha yeye na wanaomsikiliza. Vidonda vya kweli vipo, lakini vina chanzo chake. Mwaka 1984, huko Perth, Australia, daktari Barry Marshall alikunywa kimiminika chenye bakteria waliotoka tumboni mwa mgonjwa, na baada ya siku chache ukuta wa tumbo lake mwenyewe ukawaka. Yeye na mwenzake Robin Warren walikuwa wakitafuta kuwashawishi madaktari kwamba kidonda huletwa na kiumbe hai, bakteria aitwaye Helicobacter pylori, na mwaka 2005 walipewa Tuzo ya Nobel. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu kama diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, ambazo wengi hununua duka la dawa na kuzimeza bila kuuliza. Pilipili haichimbi kidonda.

Hata hivyo anayesema pilipili inamuunguza hasemi uongo. Mwaka 1997 kundi la mwanasayansi David Julius, Marekani, lilitambua mlango mdogo kwenye neva ambao hufunguka kwa joto kali na pia kwa kile kikolezo cha ukali kilichomo ndani ya pilipili. Kwa mwili, pilipili na moto ni habari moja. Neva zenye milango hiyo hazipo ulimini tu. Zimetandazwa kwenye njia yote ya chakula hadi mwisho wake. Tumbo ambalo neva zake ziko macho kupita kiasi husikia maumivu halisi hata pale ambapo hakuna kidonda, na ni kosa kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba anajidekeza.

Kwa hiyo kula nje kwa usalama huanzia hospitali, si mgahawani. Mwenye kiungulia ana mlango dhaifu kati ya umio na tumbo. Adui zake ni mlo mkubwa, mafuta mengi, kahawa, na kulala kabla chakula hakijashuka. Mwenye mawe kwenye nyongo huumizwa na mafuta. Wa tatu anasumbuliwa na maziwa, wa nne na ngano. Watu hawa wanne wakisoma ubao mmoja wa vyakula, kila mmoja ana chake cha kuogopa, na mlo unaomwokoa mmoja humtesa mwingine. Anayekata vyote kwa pamoja kwa kukisia huishia kula wali mkavu maisha yake yote, akikonda, na bado hajui alichokuwa akikikimbia.

Maziwa yanastahili maelezo, maana mara nyingi huhesabiwa kuwa chakula cha kila mtu. Sukari ya maziwa, laktosi, huvunjwa na kimeng'enya ambacho kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Sukari isiyovunjwa hufika utumbo mpana ikiwa nzima, bakteria wa huko huichachua, na gesi na maji hufuata. Hali hiyo ndiyo ya kawaida kwa binadamu. Wanaoendelea kunywa maziwa utu uzimani bila shida ndio waliobadilika. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudan badiliko hilo lilizuka kivyake, kwa herufi za urithi tofauti na zile za watu wa Ulaya. Ndiyo maana kikombe cha chai ya maziwa katika mkahawa mmoja wa Arusha huweza kumfaa mteja mmoja na kumfukuza mwingine mezani. Mtindi, ambao Kenya huitwa mala, umeshachachuliwa na sehemu ya sukari yake imeliwa na bakteria, hivyo wengi huuvumilia kuliko maziwa ya kuchemsha. Kwa asiye na uhakika, chai ya rangi haina tatizo hilo.

Ngano ina habari nzito zaidi. Wakati wa njaa kali ya Uholanzi, majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, mkate ulipoadimika, daktari wa watoto Willem Dicke aliona wagonjwa wake wa tumbo wakipata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudi kuugua. Ugonjwa huo ni seliaki, na kinachouamsha ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Kwa mgonjwa wa seliaki hakuna swali la kiasi kidogo: kiwango kinachokubaliwa kimataifa kwa chakula kuitwa kisicho na gluteni ni miligramu 20 kwa kilo, kiasi ambacho punje za unga kwenye kibao cha kusukumia chapati hukipita kwa urahisi. Jiko la Uswahilini lina baraka yake hapa. Ugali wa mahindi, wali, muhogo, viazi na ndizi havina gluteni. Mkate wa kumimina na vitumbua asili yake ni mchele. Lakini ngano hujificha. Urojo wa Zanzibar mara nyingi hupewa uzito wake na unga wa ngano. Samaki hupakwa unga kabla ya kukaangwa ili asishike karai. Chipsi ambazo zingekuwa salama hutumbukizwa katika mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa, na vitumbua huongezwa unga wa ngano na mpishi anayetaka viumuke vizuri.

Wengi zaidi ni wale ambao wakipimwa hawaonekani na kidonda, wala uvimbe, wala seliaki. Utumbo wao ni mzima machoni pa daktari lakini hauna raha. Madaktari wamekubaliana juu ya vigezo vya hali hiyo, vinavyoitwa vya Roma, vilivyohuishwa mwaka 2016: maumivu ya tumbo angalau siku moja kwa wiki kwa miezi mitatu, yanayohusiana na kwenda choo au kubadilika kwa choo. Mwaka 2005 Peter Gibson na Sue Shepherd wa Melbourne walikusanya chini ya jina moja, fodimapu, sukari fupifupi ambazo hazisharabiwi vizuri na kuchachuka utumboni. Chuo Kikuu cha Monash, ambako kazi hiyo iliendelezwa, kimepima mamia ya vyakula. Orodha yao ikisomwa kwa macho ya mpishi wa Tanga au Mombasa, inatisha kidogo, kwa sababu inaanza na kitunguu.

Kitunguu ndicho msingi wa karibu kila kinachoitwa mchuzi. Kabla ya nyanya, kabla ya nyama, kuna mafuta na kitunguu kinachogeuka rangi. Pilau hupata weusi wake humo, maharage huungwa humo, mchicha hutiwa humo. Kitunguu saumu hufuata nyuma yake. Vyote viwili vina fruktani, sukari ambayo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuivunja, awe mgonjwa au mzima. Tofauti ni jinsi neva za utumbo zinavyoipokea ile gesi. Kuokota vipande vya kitunguu kwa kijiko na kuviweka pembeni ya sahani hakusaidii. Fruktani huyeyuka katika maji, na mchuzi ni maji. Haziyeyuki katika mafuta, na hapo pana mwanya ambao wapishi wachache wanaujua: saumu ikikaangwa katika mafuta matupu kisha ikatolewa yote kabla maji hayajaingia, harufu hubaki na kero huondoka. Majani ya kijani ya kitunguu nayo hayana tatizo hilo.

Biriani ya pwani, ambayo wali wake hupikwa mbali na masala na kukutanishwa na masala sahanini, inamruhusu mtu kuchukua wali mwingi na kijiko kimoja tu cha kile kinachomsumbua. Pilau haitoi nafasi hiyo, maana kila punje imekunywa supu ileile.

Upande wa pili wa hatari hauchagui tumbo. Ni ule wa vijidudu na sumu zake, na wengi wenye tumbo linalochagua huusahau kwa kuwa wamezoea kujilaumu wao wenyewe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula, na 420,000 hufa, mzigo mkubwa kuliko wote kwa idadi ya watu ukiwa barani Afrika. Shirika hilohilo lilitoa mwaka 2001 kanuni tano zinazoweza kubandikwa ukutani mwa jiko lolote: usafi, kutenga kibichi na kilichoiva, kupika hadi ndani kuiva kabisa, kuweka chakula katika joto salama, na kutumia maji safi. Nambari za kukumbuka ni chache. Ndani ya nyama joto lifike nyuzi 70. Chakula kilichoiva kikae juu ya nyuzi 60 au chini ya nyuzi 5, na kisizidi saa mbili katika hewa ya kawaida. Kati ya 5 na 60 ndipo bakteria huzaliana, na hewa ya Dar es Salaam mwezi wa Februari iko katikati ya eneo hilo mchana na usiku.

Wali ndio unaodharauliwa kuliko vyote. Mbegu za bakteria Bacillus cereus hustahimili kuchemka. Wali ukiachwa uvuguvugu, mbegu hizo huchipua, huzaliana na kutoa sumu ambayo moto wa kupashia hauivunji. Kiporo kilichopashwa hadi kutoa mvuke huweza kumtapisha mtu ndani ya saa moja hadi sita. Hotipoti ni chombo kizuri, lakini hutunza tu joto lililowekwa humo. Wali uliopakuliwa humo saa tano asubuhi hutoa mvuke mchana. Saa kumi alasiri unapochotwa kwa ajili ya mteja wa mwisho ni vuguvugu, na wali wa nazi umeshaanza njia ya kuchacha. Anayekuja kula saa saba mchana na anayekuja saa kumi wamekula vyakula viwili tofauti kutoka chombo kimoja.

Samaki ana siri nyingine. Jodari, vibua na nguru wakikaa bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, na hiyo haiondoki kwa kuchoma, kukaanga wala kupaka nazi. Dalili huja upesi, mara nyingi kabla saa haijaisha: uso kuwa mwekundu na moto, kichwa kugonga, mdomo kuwasha kama umeguswa na pilipili, tumbo kuendesha. Watu hudhani wana mzio wa samaki na kumwacha maisha yote, ilhali kosa lilikuwa la jua na safari ndefu kutoka mtumbwini. Samaki anayewasha ulimi ilhali hakutiwa pilipili aachwe palepale, hata kama ameshalipiwa.

Maharage mekundu yasipochemka sawasawa hubaki na sumu yao ya asili inayotapisha. Yanahitaji mchemko wa nguvu wa angalau dakika kumi, na moto wa chinichini pekee hautoshi. Yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, kisha yakachemshwa hadi yapondeke kwa kidole, humfaa pia yule mwenye gesi, kwa kuwa sehemu ya sukari zinazochachuka huondoka na maji yale. Kachumbari haikupitia moto hata kidogo: usafi wake wote ni wa mikono iliyoikata, maji yaliyoiosha na kibao kilichotumika, ambacho mahali pengi pa nyama choma ndicho kilekile kilichokatiwa nyama mbichi. Barafu ni maji. Kuganda hakuui vijidudu. Juisi ya miwa hukamuliwa vizuri mbele ya macho ya mteja kisha ikatiwa barafu ambayo hakuna aliyeona ilikotoka.

Hatari hizi mbili, ya tumbo lenyewe na ya vijidudu, zinakutana mahali pamoja, na mahali hapo hapazungumzwi vya kutosha. Takriban mtu mmoja kati ya kumi waliougua maambukizo makali ya utumbo hubaki na utumbo usiotulia kwa miezi au miaka baada ya bakteria kuondoka. Sahani moja ya uzembe huweza kumtengenezea mtu tumbo linalochagua ambalo hakuwa nalo. Tena, omeprazoli na dawa za jamii yake, ambazo wengi wenye kiungulia humeza kila siku, hupunguza tindikali ambayo ni ulinzi wa kwanza dhidi ya vijidudu vya chakulani. Anayezitumia ana sababu ya kuwa mwangalifu zaidi ya wenzake mbele ya kachumbari na barafu.

Mahali pa kula panachaguliwa kwa macho kuliko kwa bei. Kibanda cha mama ntilie chenye foleni saa saba mchana, sufuria ikitokota juu ya jiko la mkaa na sahani zikitoka moja kwa moja motoni, mara nyingi ni salama kuliko ukumbi wenye vitambaa vyeupe ambako vyakula ishirini vimepangwa tangu asubuhi juu ya vishumaa vinavyotoa joto la uvuguvugu. Umbali kati ya moto na sahani ndio kipimo. Kabati la vioo lenye samaki waliokaangwa jana na taa ndogo ya kuwapamba halina nafasi katika maisha ya mwenye tumbo linalochagua. Maji ya kunawa yanaangaliwa: je, yanatiririka kutoka kwenye jagi au ndoo yenye bomba, na sabuni ipo, au ni beseni moja ambalo kila mkono huzama? Pesa na chakula vinashikwa na mkono mmoja? Nzi wangapi? Na choo kikaguliwe kabla ya kuagiza. Jambo hili lina faida mbili, kwani choo husema ukweli kuhusu jiko, na kwa mtu ambaye tumbo lake huweza kumwita ghafla, kujua kilipo humpa utulivu ambao wenyewe ni tiba. Utumbo na hofu vinasikilizana.

Vyakula vinavyomfaa mtu wa namna hii tayari vipo katika mapishi ya hapa, havihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Mchemsho wa kuku au samaki, pamoja na viazi, karoti na ndizi, ni chakula ambacho kitunguu chake huweza kuachwa kabla hakijaingia. Mtori wa Wachaga, ndizi zilizopikwa na nyama hadi zikalainika, hupewa mzazi baada ya kujifungua, na waliouweka katika mila hiyo walijua walichokuwa wakifanya. Nyama choma iliyotiwa chumvi tu, iliyokatwa kwenye kibao kilichooshwa, ikaliwa na ugali, haina gluteni, haina laktosi, haina fruktani. Mishikaki ni tofauti, kwa sababu imelala ndani ya saumu na tangawizi tangu asubuhi. Samaki wa kuchoma humfaa mwenye nyongo kuliko wa kupaka, ambaye tui lake zito ni mafuta. Chipsi mayai zina mafuta mara mbili, ya chipsi na ya mayai, na mafuta huchelewesha tumbo kujimwaga. Anayezila saa nne usiku na kulala saa tano amejiandalia kiungulia. Kwa matunda, papai, chungwa na nanasi huvumilika kwa wengi. Embe na tikiti maji zina sukari inayowashinda wengi wenye utumbo usiotulia. Tunda salama kuliko yote ni lile linalomenywa na mlaji mwenyewe.

Yote haya hayana maana bila swali. Hapa ndipo wengi hushindwa, si kwa ujinga bali kwa adabu. Katika malezi ya Kiswahili, mgeni hachagui chakula, anayebagua huonekana ana dharau au anadhani amewekewa kitu, na kumuuliza mpishi alichotia chunguni huweza kusikika kama tuhuma. Adabu hiyo ni nzuri na haina sababu ya kuvunjwa. Inahitaji tu maneno yake. Anayetanguliza "shikamoo mama" au "pole na kazi", akaeleza kwamba tumbo lake lina maradhi na daktari amemkataza kitu fulani, amemgeuza mpishi kuwa mwuguzi wake. Mama ntilie wengi wakisikia neno ugonjwa husogea karibu, hufunua sufuria, na wengine hutoa ushauri ambao hawakuombwa.

Namna ya kuuliza ina uzito kuliko kuuliza kwenyewe. "Hiki kina shida?" hujibiwa "hakina shida" kila mara, kwa upendo na kwa nia ya kuuza. "Mama, maharage haya umeyaunga na nini?" huleta orodha. "Kuku huyu mlimpaka unga?" "Mafuta haya mnakaangia na sambusa?" "Wali umepikwa saa ngapi?" Maswali ya namna hii hayajibiwi kwa "hakina shida" peke yake, na mpishi hajisikii anahukumiwa. Viungo vya pakiti vya kuongeza ladha viulizwe kwa jina lake, maana wengi hawavihesabu kuwa kitunguu ingawa unga wa kitunguu umo, wala hawavihesabu kuwa ngano ingawa pengine nayo imo. Saa ya kuuliza nayo ina maana. Saa tano na nusu, kabla ya wimbi la mchana, mpishi ana nafasi ya kutenga kipande cha nyama kabla hajakiunga. Saa saba na robo hana.

Kwa Mswahili aliyeko Ulaya mambo yana sura nyingine. Tangu Desemba 2014 sheria ya Umoja wa Ulaya inataka mgahawa uweze kumwambia mteja ni kipi kati ya vitu 14 vinavyoamsha mzio kimo katika chakula chake. Nafaka zenye gluteni zimo katika orodha hiyo, maziwa yamo, samaki, karanga, ufuta na mayai vimo. Kitunguu hakimo, wala saumu, wala maharage. Orodha ilitungwa kwa ajili ya mzio, ambao huweza kuua, na ni haki uwe umetangulizwa. Lakini mwenye utumbo usiotulia anayeona chakula hakina alama hata moja huweza kudhani amepewa ruhusa ambayo hakupewa. Naye analazimika kuuliza, Ulaya kama Kariakoo.

Kiasi na mwendo wa kula huwa mwamuzi wa mwisho. Mlo mdogo wa kitu kinachosumbua huweza kupita pale ambapo sahani iliyojaa haipiti. Safari za basi huonyesha ubaya wa haraka: gari husimama Mtito Andei au Korogwe kwa dakika chache, abiria humimina chakula cha moto mdomoni pamoja na hewa, hushushia soda baridi yenye gesi, kisha hukunjwa kwenye kiti kwa saa nne. Mwenye tumbo linalochagua hufanya vyema kupanda na ndizi zisizoiva kupita kiasi, viazi vilivyochemshwa na maji ya chupa, akakitumia kituo kwa choo na kunyoosha miguu. Wenzake wakimkaribisha, kuonja kidogo na kushukuru kunatosha. Kwenye sinia la harusi vivyo hivyo, ukingo wake humwezesha kula wali uliokauka na nyama bila kuonekana amejitenga.

Baada ya kula, hukumu isitolewe haraka. Chakula kinapoingia tumboni, utumbo mpana hupewa ishara ya kusogea, na kwa wenye utumbo mwepesi ishara hiyo huwa kubwa. Anayekimbilia choo dakika kumi baada ya kuanza kula anatoa cha jana, si alichokishika mkononi. Laktosi huchukua nusu saa hadi saa mbili. Sumu ya chakula kilicholala hutapisha ndani ya saa chache. Salmonela huchukua saa sita hadi siku tatu, hivyo mgahawa wa jana mchana hulaumiwa kwa kosa la mwingine wa juzi. Daftari dogo lenye saa, chakula na dalili humaliza ubishi huu katika wiki tatu. Kuharisha kukianza, cha kwanza ni maji yenye chumvi za ORS. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Choo chenye damu au cheusi kama lami, homa kali, kutapika kusikokoma, kukonda bila sababu, kushindwa kumeza, au maumivu yanayomwamsha mtu usingizini si mambo ya tumbo linalochagua, ni ya daktari siku hiyohiyo.

Wanaofuata njia ya kupunguza fodimapu huelekezwa kukata vyakula husika kwa wiki mbili hadi sita tu, kisha kuvirudisha kimoja kimoja, kwa siku tatu kila kimoja, kiasi kikiongezeka. Sehemu ya pili ndiyo wengi huiruka, kwa kuwa wamepata nafuu na wanaogopa kuipoteza. Mezani pa watu inaweza kufanyika bila kelele. Mtu hurudi kwa mama ntilie yuleyule, siku ambayo hana safari, akaomba wali, samaki wa kuchoma, na vijiko viwili vya maharage pembeni. Kesho yake huomba vinne. Siku ya tatu mama, ambaye ameshaijua habari yote, huuliza kabla hajaambiwa kama leo aongeze.